Kidole cha Mama Mkwe

Ndugu msomaji, kama wiki iliyopita hukupata gazeti, usijilaumu. Hukukosa raha yoyote. Ulikosa tu kuniona mimi, mwanamume mzima mwenye akili zangu, nikimshawishi mke wangu afunge chumba chake cha ushonaji ili tule kwa matangazo.

Nikukumbushe kwa ufupi. Mke wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Fundi. Anakata, anashona, na ana kipaji cha kumweleza hata asiyejua kushika sindano mpaka akaelewa. Mimi nilikuwa mpanga kurasa katika kiwanda cha uchapaji, mpaka kiwanda kilipofungwa. Tukaanzisha tovuti ya kufundisha ushonaji. Yeye anafundisha, mimi napiga picha na kupanga kurasa. Masomo bure, matangazo ndiyo yanalipa.

Na yalilipa kweli. Yalilipa hadi nikavimba kichwa. Fundi viatu anayekaa mkabala na mlango wetu akanibandika jina la Mkurugenzi, nami bila haya nikaitika.

Ndipo nikamwambia mke wangu, "Wateja wa nini? Mteja mmoja anakusumbua wiki nzima kwa ajili ya mkono wa gauni. Tovuti inakulipa umelala."

Akanijibu, "Mteja akinisumbua najua anakoishi. Huyo anayetulipa sijawahi hata kumwona uso. Siku akinuna nitamwendea wapi?"

"Kwa nini anune?"

"Watu hununa."

Akataka walau tuwatoze wanafunzi kidogo kwa michoro ya kukatia nguo. Nikamwambia tukitoza watakimbia, na wakikimbia matangazo yatapungua. Akasema matangazo yenyewe yamejaa hadi yanaziba picha zake, mtu anafundishwa kola anaishia kuonyeshwa matairi ya gari. Nikamwambia hayo matairi ndiyo yanayotulisha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nyumbani kwetu mkuu ni yeye. Chumba cha mtaani tukakiachia, kinyozi akakichukua. Wateja wakahamia kwa mafundi wengine. Ikabaki cherehani moja aliyoileta nyumbani, na tovuti.

Wiki iliyopita niliishia pale ujumbe wa wakala wa matangazo ulipoingia: akaunti yetu imesimamishwa. Wakala ni ile kampuni inayochukua matangazo kwa wenye bidhaa na kuyaweka katika tovuti za watu kama sisi. Wao wanamlipa yeye, yeye anatulipa sisi. Akifumba mkono, sisi tunafumba mdomo.

Sababu iliyotajwa ilikuwa mibofyo ya udanganyifu, yaani mtu anayagusa matangazo bila nia ya kununua.

Sasa tuendelee.

Niliwaandikia. Ukarudi ujumbe ule ule wa kwanza, neno kwa neno. Nikaandika tena, kwa adabu zaidi. Ukarudi ule ule. Nikagundua nilikuwa nabembeleza mashine. Siku ile ile nikavaa shati langu la heshima nikaenda ofisini kwao mwenyewe.

Alinipokea dada mmoja mpole, mwenye kompyuta mbili mbele yake. Akatazama moja, akatazama nyingine.

"Kaka, kuna simu moja inabofya matangazo yenu yote. Kila siku. Haibakishi."

"Labda anapenda kununua vitu."

"Jana amebofya matairi, mashine ya kusaga, shule ya udereva na dawa ya kuotesha ndevu. Ni mnunuzi gani huyo?"

Nikajipapasa kidevu.

"Na simu hiyo," akaendelea, "inatumia intaneti ya nyumbani kwenu."

Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi. Nyumbani kwetu kuna simu tatu. Yangu, ya mke wangu, na ya mama mkwe.

Hapa sina budi kueleza habari za huyu mama, maana bila yeye hutaelewa kilio changu.

Alimwacha mke wangu kwa mama yake mdogo, mtoto hajaota hata meno ya pili, akaenda zake. Hakuaga. Mke wangu alilelewa, akasomeshwa ufundi, akaozwa, mama yake hayupo. Halafu mwaka huu, hodi mlangoni. Mama mtu mzima, mfuko mmoja, macho chini.

Mke wangu alimpa chumba cha nyuma. Alimpa chakula, shuka na dawa ya miguu. Kitu kimoja tu hakumpa, jina. Hakumwita mama. Hakumwita chochote. Akitaka kumwambia kitu ananiambia mimi, "Mwambie mgeni wako maji ya kuoga yamechemka." Na mgeni mwenyewe amekaa pale pale, anasikia kila neno.

Mama mkwe hakulalamika hata siku moja. Anajibu kupitia kwangu, "Mwambie ahsante." Mimi nikawa mkalimani wa watu wawili wanaosema lugha moja.

Nirudi ofisini. Nikamuuliza yule dada, "Kama aliyebofya ni mtu wa nyumbani?"

"Huo ni wizi, kaka. Hata kama ni babu yako. Akaunti inafungwa moja kwa moja, na malipo yenu yaliyobaki yanarudishwa kwa wenye matangazo."

"Na kama ni mtu baki?"

"Mtu baki aliyetaka kuwaharibia? Huyo tunamzuia, ninyi tunawafungulia. Wapo wengi, wenye chuki zao."

Akanitazama. Nadhani alinionea huruma, na huruma yake ndiyo iliyoniponza.

"Labda mna mpangaji," akasema.

"Ndiyo," nikadakia kabla hajafunga mdomo. "Mpangaji. Chumba cha nyuma."

"Ana undugu na ninyi?"

"Hata chembe."

"Sawa. Niachie namba yake, kesho mchana nitampigia mwenyewe nimsikie. Akithibitisha, mmepona."

Nikatoka nikijiona mjanja. Barabara nzima natabasamu peke yangu kama mwehu.

Nilimkuta mama mkwe kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, miwani puani, simu mkononi.

"Mwanangu, leo matangazo siyaoni. Nimetafuta mpaka macho yanauma. Yamehamia wapi?"

Nikakaa karibu yake, nikamweleza taratibu. Alipoelewa, akaziba mdomo kwa mkono.

"Nimewaua wanangu."

"Hukujua, Mama."

"Wewe si uliniambia? Siku ile ulisema kila mtu akigusa pale mnapata chochote. Nikasema, alhamdulillahi, hata mimi naweza. Nikimaliza kusali tu naanza kugusa. Kuna la matairi. Mimi na matairi wapi na wapi? Lakini nalifungua, nalisoma lote kwa adabu, wasije wakasema nawadharau."

Nikataka kucheka, nikashindwa.

"Sikumlea yule," akasema. "Sikumnunulia hata daftari. Nikasema, miguu yangu imechoka, mikono haina nguvu, basi angalau hiki kidole kimlee."

Aliporudi mke wangu kutoka kununua uzi, nilimweleza habari ya mibofyo. Ya mpangaji nikaimeza.

Nilidhani atapasua nyumba. Badala yake akaketi, akashika tumbo, akacheka hadi machozi.

"Alibofya matairi?"

"Na dawa ya kuotesha ndevu."

"Ndevu!" Akacheka tena. Halafu kicheko kikakatika. "Kila siku?"

"Kila siku. Akimaliza kusali."

"Kwa ajili yetu?"

"Kwa ajili yako. Mimi ananifahamu toka lini?"

Akajifuta machozi. Kisha akainuka, akafungua kabati, akatoa kitambaa cha kijani alichokuwa amekifungia tangu tufunge chumba cha mtaani. Akakitandika mezani.

"Kesho usimtoe huyo mgeni wako nyumbani," akasema. "Nina kazi naye."

"Kazi gani?"

"Toka, nishone."

Ningekuwa na akili ningeelewa. Sikuelewa. Kichwa changu kilikuwa kwa yule dada wa kompyuta mbili, nikihesabu saa za kupigiwa simu.

Asubuhi yake cherehani iliimba chumbani bila kupumzika. Nikamfuata mama mkwe chumba cha nyuma, nikafunga mlango. Nikamwambia watapiga simu. Nikamwambia aseme nini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Niseme simjui?"

"Ni maneno tu, Mama."

"Maneno tu?"

"Unayasema, simu inakatwa, yamekwisha."

"Baba, mimi yule nilimwacha bila kumwambia neno hata moja. Miaka yote hii natafuta neno la kumwambia. Leo nikifumbua kinywa habari zake, la kwanza ndio liwe hilo?"

Ndugu msomaji, hapo mtu mwenye moyo angenyamaza akaomba radhi. Mimi nilikuwa na moyo, ila ulikuwa kazini.

"Hatasikia," nikasema. "Anashona. Akianza kushona hata bomu hasikii."

"Na nikikataa?"

"Akaunti inafungwa. Wateja wake wamekwenda. Chumbani mwake yumo kinyozi. Hatuna kingine."

"Mtakula nini?"

Sikumjibu. Nilijua kimya changu kitamfanyia kazi kuliko maneno, na kikafanya. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena.

"Watapiga saa ngapi?"

Walipiga mchana. Tulikuwa sebuleni, maana chumba cha nyuma simu haishiki vizuri. Nikaiweka kwa sauti ya juu kwa sababu masikio yake nayo yamechoka. Cherehani chumbani ilikuwa bado inanguruma, nami nikaona mambo yamenyooka.

"Mama, shikamoo," akasema yule dada.

"Marahaba, mwanangu." Hata kwa adui alishindwa kuwa mkali.

"Unaishi hapo kama nani?"

"Mpangaji."

"Mwenye tovuti ni nani kwako?"

"Mwenye nyumba."

"Na mkewe, yule anayefundisha?"

Mama mkwe akageukia mlango wa chumbani. Nikamkazia macho. Nikamwonyesha kwa mkono, sema, sema.

"Simjui," akasema.

"Humjui na mnaishi nyumba moja?"

"Namwona akipita. Si mwanangu. Mimi sina mtoto."

Hakuna aliyemuuliza habari za mtoto. Alipitiliza kama mtu anayeogopa kwamba uongo mdogo hautatosha.

"Kwa nini ulibofya, mama?"

"Kwa chuki."

"Chuki ya nini?"

"Ya... chuki tu, mwanangu. Binadamu tumeumbwa nayo."

Nikasikia yule dada anaandika. Tak, tak, tak. Kila herufi nikaihesabu kama mkate. Nilikuwa nimetega masikio kwenye hiyo taktak hata sikutambua kwamba cherehani imenyamaza.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

Mke wangu alisimama mlangoni na gauni la kijani mikononi. Uzi ulikuwa bado unaning'inia kwenye pindo. Alikuwa ameosha uso. Alikuwa na tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu siku ya kwanza huyu mama alipobisha hodi, tabasamu la mtoto mwenye kitu cha kuonyesha. Hakunitazama mimi.

"Mama," akasema. "Njoo ulijaribu."

Mama.

Miezi yote ile, nyumba moja, sufuria moja. Mgeni wako, mgeni wako. Na leo, saa hii, mbele ya simu iliyo wazi, Mama.

Mama mkwe akafumbua mkono kama anayetaka kupokea. Uso wake wote ukafunguka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifurahi na kuogopa kwa pamoja namna ile, na Mungu anisamehe, natumai sitauona tena.

"Hallo?" ikasema simu. "Nani huyo anakuita mama?"

Mama mkwe akanigeukia.

Aliniuliza kwa macho tu. Mimi ndiye niliyekuwa na jibu. Ningeitikia kwa kichwa, angesema, huyu ni mwanangu, dada, nimedanganya, fungeni akaunti yenu. Tungelala njaa mwezi, miwili. Watu hulala njaa wakaamka.

Nilitikisa kichwa. Nikamkatalia.

Hilo ndilo nililokuja kulisema leo. Kwa mengine yote nimelizunguka tu.

"Ni... mtu wa hapa," mama mkwe akasema kwenye simu. "Hapa kila mtu ananiita mama. Ni heshima tu ya utu uzima. Si mwanangu."

Mke wangu hakusogea. Tabasamu lilikuwa bado pale, limesahauliwa usoni. Akamtazama mama yake. Akaitazama simu, na pale juu ya kioo liliandikwa jina la wakala. Akanitazama mimi. Mke wangu si mjinga. Aliunganisha vipande haraka kuliko anavyounganisha kola.

"Mama, naomba niongee na huyo mtu," ikasema simu.

Nikanyoosha mkono niikate. Mke wangu akawahi. Akaliweka gauni juu ya kiti, akaishika simu, akaisogeza karibu kabisa na mdomo.

"Dada, habari za kazi."

"Nzuri. Samahani, wewe ni nani kwa huyu mama?"

"Si mtu kwake. Nimemwita mama kwa heshima tu, kama alivyokwambia."

"Hamna undugu?"

"Hatuna. Huyu mama hana mtoto. Mwamini."

"Basi ahsante, dada. Tunawafungulia sasa hivi. Pole kwa usumbufu."

"Tumeshapoa."

Akairudisha simu mezani polepole, kioo juu. Hakupiga kelele. Nilitamani apige. Nilitamani anitupie mkasi, cherehani, nyumba nzima.

"Haya," akasema. "Tovuti yenu hiyo."

"Mwanangu," mama mkwe akaanza, anajaribu kuinuka. "Mwanangu, nisikilize, ni kwa ajili..."

"Umesema huna."

"Nilisema kwa..."

"Nilikuwa mdogo nikijiuliza ungenikana kwa sababu gani. Njaa? Mwanamume? Ugonjwa?" Akalitazama gauni juu ya kiti. "Nisingewaza matairi."

Hapo simu yangu ikalia mfukoni.

Nikaitoa. Nisingeitoa, ndugu msomaji, ningekuwa mtu mwingine, na hadithi hii ingekuwa ya mtu mwingine. Niliitoa. Akaunti yenu imefunguliwa. Nikafungua tovuti nihakikishe. Yalikuwa yamerudi yote, yanamulika pembeni mwa picha ya mikono ya mke wangu inayoonyesha namna ya kupinda pindo. Kifuani nikapata ahueni. Ndogo, ya aibu, lakini nilipata.

Nilipoinua macho, sebule ilikuwa tupu.

Gauni lilikuwa juu ya kiti. Simu ya mama mkwe ilikuwa mezani, miwani yake pembeni. Viatu vyake vilikuwa chini ya meza, vimepangwa vizuri, kama anavyovipanga siku zote asije akawa mzigo kwa mtu.

Nikatoka mbio. Mlango wa mbele ulikuwa wazi.

Fundi viatu alikuwa amesimama, kiatu cha mtu mkononi, amesahau kukishona.

"Mkurugenzi, kuna msiba?"

"Wamekwenda wapi?"

"Fundi kapita huku." Akaelekeza upande wa stendi. "Amebeba mfuko, analia. Nimemsalimu hakuitika, na yule hajawahi kuninyima salamu."

"Na mama?"

Akageuka, akaelekeza upande wa pili, kwenye barabara kuu ya malori.

"Mama naye alitoka nyuma yake, anamwita. Lakini kakata kule. Nimepaza sauti, mama, si huko, si huko. Hakunisikia. Nikajua haoni vizuri. Na hana viatu, Mkurugenzi. Jua hili."

Nikatazama huku. Kwenye stendi magari hayasubiri mtu, na mke wangu akishapanda sijui atashukia wapi, maana hana kwao pengine isipokuwa kwa mama yake mdogo, na huko aliapa harudi. Nikatazama kule. Honi za malori zilikuwa zinasikika hadi mlangoni petu.

Fundi viatu akaweka kiatu chini. Akanishika bega, akanitikisa kidogo kama anayemwamsha mtu usingizini.

"Kaka, sema basi. Mimi nimfuate mmoja, wewe mmoja. Wewe unamfuata yupi?"